Klavdia Arudishwe Kwenye Roketi

Mgeni rasmi, Ndugu Naibu Waziri wa Uchukuzi; Ndugu Rodion Ilyich, Meneja wa banda; na ndugu wenzetu:

KARIBU
Sisi waongoza wageni wa banda la taifa letu hapa Montreal tunakupokea kwa furaha. Tumeagizwa tuwe na furaha tangu juzi, na tumejitahidi.

HISTORIA
Banda lilifunguliwa ili dunia ione tulivyofika angani. Juu vimewekwa vyombo vya angani. Chini kuna treni ya kesho, inayozunguka mezani bila kuchelewa kwa kuwa haina abiria.

MAFANIKIO
Roketi inapendwa. Aliyeipendezesha ni mwenzetu Klavdia Yegorovna, mzaliwa wa Vologda, mkoa wetu wa mashambani. Mwezi uliopita mkulima wa huku, mzee Télesphore, alimuuliza, "Binti, chombo chenu kinaizunguka dunia kwa muda gani?"

"Saa moja na nusu, mzee."

"Na kutoka kijijini kwenu hadi mjini?"

Klavdia akafikiri. "Theluji ikiyeyuka? Inategemea trekta la kutuvuta kwenye tope limeamkaje."

Mzee alicheka mpaka akavua kofia. "Kumbe tope letu ni moja," akasema, kisha akasikiliza habari za roketi hadi mwisho. Tangu hapo foleni ya Klavdia ikawa inafika mlangoni.

CHANGAMOTO
Ndugu Meneja alimwita.

"Nani alikutuma uwaonyeshe tope?"

"Aliniuliza, Ndugu Meneja."

"Ungemjibu roketi."

Akapelekwa jikoni kumenya viazi vya mgahawa wetu, na Jumapili anarudishwa nyumbani. Mahali pake inazungumza kanda ya sauti. Haikosei hata neno, na wageni huipita wakitafuta choo. Klavdia hajalia mbele yetu, ila maganda anayoyatoa ni manene kiasi kwamba mpishi amelalamika.

OMBI
Tunaomba arudishwe kwenye roketi. Na ikionekana kuna kosa, iandikwe kwamba siku ile sote tulicheka, na viazi vipo vya kututosha.

Tunaongeza jambo la asubuhi hii. Mzee Télesphore amekuja na mkewe na majirani, wakamuulizia Klavdia. Tukawaambia yuko jikoni, nao wakaenda. Ndugu Mgeni Rasmi, kicheko unachokisikia nyuma ya ukuta huu ni chao. Chakula chako kitachelewa kidogo.

Tunakutakia afya, hamu nzuri ya kula, na safari ya kurudi isiyo na maswali.

Ni sisi,
Waongoza Wageni wa Banda la Taifa,
Maonyesho ya Dunia, Montreal, 1967