Pipa la Mama Wilkista

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Wilkista Nakhungu, mkulima wa kahawa wa Misikhu, aliyetutoka juma lililopita, mwaka huu wa 1958. Mama Wilkista Nakhungu, wa Misikhu.

Ujana wake ulipita Kitale, akichuma kahawa katika shamba la mzungu. Miaka kumi na miwili alichuma, na macho hakuyafumba. Kila kazi aliitazama. Kisha akarudi Misikhu na mumewe, Wekoye, na mwaka wa 1949 wakapanda miche mia moja yao wenyewe, kwenye mwinuko nyuma ya nyumba.

Mavuno ya kwanza yakaja mwaka wa 1952. Balaa nayo ikaja. Kahawa ikishamenywa hukaa ndani ya pipa siku moja, mbili, hadi utelezi wake uishe. Na ikikaa hivyo, wasikilizaji, hutoa harufu ya busaa, ile pombe ya nafaka, kabisa! Sasa fikirini: nyumba ya mama wa kanisa, inanuka busaa.

Ijumaa wazee wa kanisa wakafika. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Jotham, mtu asiyetaka mchezo na pombe. Hakuuliza, hakuchungulia. Aliliangusha pipa kwa mguu, kahawa yote ikamwagika majanini.

"Tuliokota punje moja moja mpaka jioni, tukarudisha kwa pipa," binti yake, Peris, aliniambia. "Mama alikuwa analia, lakini mikono haikusimama."

Mzee Jotham alikuwa ameziona zile punje zikimwagika. Aibu ikamshika, na aibu ya mtu mzima ni ngumu kumeza. Akasema, "Hata kama si pombe, si inanuka pombe? Chagua, mama. Pipa ama kanisa."

Angechagua lipi? Kanisani ndiko alikobatizwa, ndiko alikofunga ndoa. Na kahawa ilikuwa jasho lake la miaka mitatu.

Hakuchagua. Jumapili alifika kanisani na mkokoteni wa ng'ombe, na juu ya mkokoteni, lile pipa.

"Mzee," akamwambia mbele ya watu wote, "ingiza mkono."

Mzee Jotham akaingiza.

"Sugua."

Akasugua. Utelezi ulikuwa umeisha, punje zikakwaruza kama changarawe. Mama Wilkista akammiminia maji. Kiganjani zikabaki mbegu safi, nyeupe.

"Sasa niambie, Mzee. Ati hii ni pombe gani ya kutafuna?"

Watu walicheka hadi mpiga kengele akasahau kengele. Mzee Jotham akaingia kanisani, akasimama mbele, akasema maneno mawili tu: "Nilikosea, mama."

Nilimkuta mazishini juzi, ameegemea fimbo. "Mimi ndio nilimwaga kahawa ya huyu mama," aliniambia. "Na ni yeye alinipatia miche. Leo niko na miti mia mbili, bana. Sasa nitamwambia asante wapi?" Nililia pamoja naye, sifichi.

Kwa Mzee Wekoye, kwa Peris na ndugu zake, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Peris anasema kahawa haikungoja matanga yaishe, imeiva, na leo asubuhi wamelijaza pipa tena.

Basi, wasikilizaji wapendwa, mkipita Misikhu wiki hii na upepo ukawaletea harufu ya busaa, msiinue mguu. Ingizeni mkono kwanza.