Matanga ya Mama Nusrat

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe kwenu popote mnapotusikia, iwe Mbeya mjini, Kyela, Igawa au Iringa. Leo tunamkumbuka Batuli Kudra. Wengi mlimwita Mama Nusrat. Batuli Kudra, muuza vyungu wa Mwanjelwa, alitutoka hivi karibuni baada ya kuugua, akiwa nyumbani kwa kaka yake Iringa. Iringa ndiko alikozaliwa, na ndiko alikozikwa. Mungu amrehemu.

Huenda ukauliza, muuza vyungu ana nini cha kusimuliwa redioni? Alikuwa na mashua. Mashua ya matanga, Ziwa Nyasa. Tutasimulia safari ya kwanza ya mashua hiyo, kwa sababu humo Batuli yumo mzima.

Alizaliwa mtaa wa Miyomboni. Babu yake alipanda kutoka Kilwa na biashara ya nguo, akalowea huku kwenye baridi. Bahari yenyewe Batuli hakuwahi kuiona. Ila maneno ya bahari alilishwa pamoja na uji. Kwao mtoto aliyechelewa kuvaa viatu aliambiwa, "Tweka matanga tuondoke!" Yaani, pandisha matanga ya chombo.

Shule aliiacha njiani. Akaolewa Mbeya na Bwana Isihaka, muuza mchele. Ukubwani, watoto wakiwa wameshaanza kusoma, naye akajiunga na darasa la jioni. Huko alikaa dawati moja na Paskalina, muuza maharage, Mhehe wa Tosamaganga. Batuli alifika akitoka kwenye swala ya magharibi. Paskalina alifika na rozari mkononi. Wakawa marafiki hadi mwisho. Mwalimu wao aliwafundisha kuandika ujumbe. "Andikeni kifupi," alisema. "Maneno mengi huficha habari." Batuli alilishika somo hilo. Nanyi lishikeni, tutalirudia.

Vyungu vya Batuli vilitoka Ikombe, ng'ambo ya Matema. Akina mama wa Ikombe hufinyanga, huchoma, kisha huvivusha kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi pale Lyulilo. Mtumbwi hubeba vichache, na wimbi likikasirika, hivyo vichache hufika vigae. "Nimechoka kununua vigae," Batuli alimwambia mumewe.

Sasa, ufukweni Matema palikuwa na mashua kuukuu ya mbao. Ilikuwa ya matanga mawili, imelazwa kifudifudi miaka mingi, na mbuzi walilala chini yake. Mwenyewe, mzee mstaafu, alisema, "Mama, ukiweza kuirudisha majini, chukua." Batuli akamleta Fundi Fanueli wa Kyela. Fanueli alikuwa fundi wa milango na vitanda. Mashua hakuwahi kuigusa. Aliziba nyufa kwa pamba na lami, wakaishusha, ikakaa majini wiki nzima.

Bwana Isihaka alicheka sana. "Mke wangu, sasa mbuzi watalala wapi?"

Alhamisi asubuhi wakaondoka kwenda Ikombe. Batuli, Fundi Fanueli, na nahodha Ipyana, mvuvi wa hukohuko. Mashua ilikuwa tupu. Haikuvuja hata tone. Fanueli akapiga mluzi.

Ikombe wakapakia vyungu. Mama Sekela, mkubwa wa wafinyanzi, alisimama mbele ya Batuli. "Mwanangu, hizi ni kazi za mikono ya sisi sote. Jumamosi zisipofika sokoni, tutarudi kwenye mitumbwi yetu, na wewe hatutakujua tena."

"Zitafika, mama. Inshallah."

"Basi nami napanda. Nione hiyo inshallah yako."

Hilo ndilo lililokuwa hatarini, wasikilizaji. Vyungu vya kijiji kizima, na neno la mwanamke mmoja.

Hawakwenda mbali, maji yakaanza kuingia. Fanueli akainua mbao za sakafuni, akapapasa chini. Palikuwa pakavu, hapana ufa. Lakini maji yalizidi. "Yanatoka wapi haya?" Wakati huohuo upepo wa kusini ukaongezeka. Ipyana akafungua kamba ili ashushe matanga. Tanga kubwa likakataa kushuka. Kule juu ya mlingoti kuna kapi, gurudumu dogo linalopitisha kamba. Kapi hiyo, iliyolia wakati wa kutweka, sasa ilikuwa imeganda kwa kutu.

Mashua ikalala upande. Fanueli alishika wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo si yake.

"Fundi," Batuli akamwambia, "omba huku unachota maji. Mungu husikia hata mikono ikiwa na kazi."

Kisha akamgeukia Ipyana. "Kata kamba."

"Mama, kamba mpya hii!"

"Kata, baba."

Ipyana akakata. Tanga likawaangukia wote kama shuka. Wakajitoa chini yake na kupiga makasia hadi kwenye kijiufukwe chini ya mlima. Walishusha vyungu kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vizima.

Sasa wakaanza kutafuta ugonjwa. Maajabu ni kwamba mashua ilipobaki tupu, iliacha kuvuja. Fanueli alikuna kichwa. "Ikiwa tupu, nzima. Ikibeba, inavuja."

"Inakataa kazi," alisema Mama Sekela. "Kama marehemu mume wangu."

Batuli hakucheka. Alikuwa akiangalia ubavuni, pale maji yalipoishia kuchora alama. Mzigo ulipoingia, mashua ilizama zaidi, na mbao za juu zikaingia majini. Mbao za chini zilikuwa zimekaa majini wiki nzima. Za juu zilikuwa na ukavu wa miaka yote ya mbuzi.

"Mama Sekela, chungu kipya mnakifanyaje kabla ya kukibandika?"

"Tunakinywesha maji. Ukikibandika kikavu kinapasuka. Mtoto wa Ikombe anajua hilo."

"Basi mbao za juu hazijanyweshwa."

Fanueli akajipiga paji la uso. "Mlango ukinyeshewa unavimba mpaka unakataa kufunga! Nimegombana na milango miaka yote."

Wakajaza mawe ndani ya mashua, wakaizamisha wenyewe kwenye kina kifupi, maji yakapita juu ya ukingo. Ipyana akapanda mlingoti, akaiteremsha kapi, wakailaza kwenye mafuta ya mawese ya Mama Sekela ili kutu iachie. Matanga yote mawili wakayatungika mitini yakauke, na vyungu wakaviweka kivulini mwake.

Simu ya Batuli ilikuwa imelowa. Akaazima ya Ipyana, nayo chaji ilikuwa inakata. Akakumbuka somo la mwalimu. Akamwandikia Paskalina, kifupi: "Mashua iko chini ya maji. Tuko na matanga ufukweni karibu na Lyulilo. Leteni chakula."

Simu ikazima.

Kwa Batuli, mjukuu wa Kilwa, matanga ni vitambaa vya mashua. Kwa Paskalina wa Tosamaganga, matanga ni msiba. Na namba ilikuwa ngeni, na jina halikuwepo.

Binti wa Batuli, Nusrat, anakumbuka. "Mama Paskalina alikuja kwetu analia. Baba alisoma ule ujumbe, akachukua tasbihi, akatoka. Njia nzima hadi Matema midomo yake ilikuwa inatembea nayo."

Ijumaa wakatokea ufukweni, gari zima la watu wa Mwanjelwa. Kina mama wamejifunga khanga, masufuria makubwa kichwani, maharage, mchele, kuni. Kwa mbali waliona matanga yametungikwa mitini, wakadhani ni turubai la msiba. Paskalina akaangua kilio, akakimbia, akajitupa chini. Akaangukia chungu. Kikavunjika.

"Jamani, marehemu ni nani?" alilia.

"Marehemu yupi?" Batuli akauliza, akitokea nyuma ya tanga na kijiko mkononi.

"Ni mashua, mama," Ipyana akasema. "Lakini kesho anafufuka."

Bwana Isihaka alikaa mchangani, tasbihi bado mkononi. Akamwambia mkewe, "Mashua ile ilikuwa haki ya mbuzi."

Paskalina akafuta machozi, akawaka. "Batuli, nimelia kutoka Mbeya! Tukuyu nimelia, Ipinda nimelia! Ungeandika hata neno moja, 'tuko wazima'!"

"Si mwalimu alisema kifupi?"

Mama Sekela aliokota vigae vya chungu chake. "Hiki kimekufa kweli," alisema. "Basi msiba upo. Pikeni."

Wakapika, wakala. Jumamosi alfajiri waombolezaji haohao wakatoa mawe, wakachota maji kwa masufuria ya msiba. Vyungu vikarudi ndani. Kapi ilizunguka bila kulia. Fanueli alitembeza kiganja kwenye mbao za juu. Zilitoka jasho tu. Wakafika Lyulilo soko likiwa bado limechangamka, na chungu kilichopungua ni kile cha Paskalina peke yake. Mama Sekela akamshika Batuli mikono yote miwili. "Ndaga fijo, mwanangu." Asante sana. Tangu siku ile vyungu vya Ikombe vinasafiri kwa mashua.

Kwa Bwana Isihaka, kwa Nusrat na ndugu zake, kwa Mama Paskalina, na kwa akina mama wa Ikombe, tunatoa pole. Mungu awape subira, na ampokee Batuli kwa rehema. Nawe uliye karibu na redio, tafakari. Kitu kinachovuja, au mtu anayevuja, huenda hajaoza. Huenda alikaa mkavu muda mrefu. Na kabla ya kutuma ujumbe wako, ongeza hilo neno moja: tuko wazima.

Tangu siku ya mazishi Ipyana hakuitoa mashua. Ilipofika siku ya kuanua matanga, yaani kumaliza msiba, kule Iringa, alimpigia simu Bwana Isihaka. "Baba, mimi sijui desturi. Haya ya mashua nayo tuyafanyeje?"

Bwana Isihaka akamjibu kwa maneno ambayo mkewe angeyaelewa bila kueleweshwa.

"Sisi huku tunaanua, mwanangu. Wewe tweka."