Chemutai wa Wapi? Kwaheri, Mzee Onyancha

Ijumaa hii, tarehe 18 Desemba 1998, Mzee Zablon Onyancha anastaafu baada ya miaka thelathini na moja hospitalini kwetu.

Alianza kama mfagiaji. Mwaka uliofuata alihamishiwa ofisi ya rekodi, kwa sababu daktari akitafuta faili, mfagiaji ndiye aliyejua ilipo.

Swali lake halikubadilika. Mgonjwa akijitaja Chemutai, jina la wanawake wengi wa huku, aliuliza, "Chemutai wa wapi? Namba ya kadi?" Tulimtania kwamba Mkisii huyu anatafuta mke wa pili Bomet. Alicheka, kisha akauliza tena.

Mwaka jana tuliletewa kompyuta mbili. Jibu likiandikwa kwenye skrini ya maabara, linatokea kwenye skrini ya wodi. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema kazi ya Mzee ya kuvuka ua na kadi za majibu, kutoka maabara hadi wodini, imekwisha. Hakubishana. Aliendelea kuvuka.

Machi mwaka huu, Chemutai wa Sigor alijifungua na kupoteza damu nyingi. Skrini ya wodi ilionyesha damu yake ni kundi B. Mfuko wa damu ulikuwa umeshatundikwa na muuguzi ameshika sindano, Mzee alipoingia mbio na kadi mkononi, kiatu kimoja hana.

"Wacha, sista. Hiyo B ni ya Chemutai wa Londiani. Huyu ni O."

Mfuko ukashushwa. Fundi wa kompyuta alipokuja tulishtuka: kumbe kutoka skrini moja hadi nyingine lilivuka jina la kwanza tu, namba ya kadi ikabaki maabara. Kila Chemutai alipewa jibu la Chemutai aliyepimwa mwisho. Na huku kwetu, wodi moja haikosi Chemutai wawili.

Mbona hatukuwahi kuona kosa hilo? Mzee akatoa kijitabu mfukoni. Makosa kumi na moja, yote ameyasahihisha kabla hatujayaona. Hakuwa anatuficha. Alidhani ndivyo kompyuta zilivyo, lazima mtu azifuate nyuma. Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Siku hizi namba inavuka pamoja na jina. Chemutai wa Sigor yuko hai, anachuma majani chai yake.

Asante, Mzee. Nenda nyumbani Nyamira ukapumzike, miguu hiyo imetembea vya kutosha. Muuguzi aliyeshika sindano ile ni mimi, Janeffer. Jumatatu skrini ikiniandikia Chemutai, nitauliza wa wapi.