Kifungo wa Chumba cha Nyuma, Mtoto wa Mshonaji

Leo Jumamosi, tarehe 3 Agosti 2024, ilikuwa tukutane ukumbini, si makaburini. Kadi zilikwishagawiwa: miaka ishirini na mitano ya albamu ya rapu iitwayo Chumba cha Nyuma, mgeni wa heshima akiwa Kifungo mwenyewe. Mgeni wa heshima amefika, ila si kwa namna aliyoalikwa. Familia inawashukuru nyote mliobadili nguo mkaja huku. Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, ndiye anayeusoma, na kama atakwama mahali, mumvumilie.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Juni 1975, katika hospitali ya wilaya, mtoto wa pili na kitinda mimba wa mshonaji wa nguo na dereva wa lori. Baba alifariki safarini marehemu akiwa na miaka minne, na tangu hapo nyumba ikalishwa na cherehani moja ya miguu. Wengi waliomwona jukwaani walidhani jina la Kifungo alilipata jela. Hapana. Akiwa na miaka mitatu alimeza kifungo cha shati la mteja. Mama akakisubiri siku mbili, hakikutoka, naye mteja alikuwa anakwenda harusini. Akashona kingine kisichofanana, akamwambia mteja ndiyo mtindo wa siku hizi. Mteja alirudi mwezi uliofuata na shati jingine, akataka lifanyiwe vilevile.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1983 hadi 1989, kisha sekondari hadi 1993. Hesabu zilimpiga chenga, isipokuwa zile za vipimo. Katika lugha hakuwa na mpinzani. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti ya mwaka, "Anaongea kuliko mwalimu." Mama aliisoma akiwa na pini mdomoni, akauliza, "Kwani huyo mwalimu anaongea kidogo?" Mambo yakaishia hapo.

Mwaka 1998 yeye na rafiki yake Gundi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ukimkaribisha chai utamkuta hadi chakula cha usiku, walianza kurekodi albamu. Studio hawakuwa nayo. Gundi aliazima mashine ya kurekodia ya kaseti, ya kurekodi sauti nne kwa mpigo, na kipaza sauti kimoja kilichofungwa utepe shingoni. Chumba pekee kisichokuwa na mwangwi kilikuwa chumba cha nyuma, alikoshonea mama, kwa kuwa kuta zote nne zilikuwa zimefunikwa na nguo za watu. Tatizo ni kwamba na mama mwenyewe alikuwemo.

"Mama, simamisha kidogo tu, turekodi wimbo mmoja," marehemu alimwomba.

"Nikisimama mimi, na sufuria itasimama. Nyie imbeni huko, mimi nishone hapa, tuone nani atamchosha mwenzie."

Basi wakajifunza kumfuata. Mama akishona mapazia, mshono ni mrefu, mashine inakwenda bila kusita, na siku hizo ndizo walizorekodi nyimbo za haraka. Akishona kola, anakwenda kidogo anasimama, anageuza kitambaa, anakwenda tena, nazo siku hizo zikawa za nyimbo za polepole. Asubuhi Kifungo alikuwa akifungua mlango wa nyuma na kuuliza, "Leo ni mapazia au kola?" ndipo anachagua mistari ya kuandika. Gundi aliongeza besi tu. Mdundo mliocheza nao ujana wenu, ambao maprodyuza wameuiga hadi leo bila kujua umetoka wapi, ni miguu ya mama yetu.

Wimbo wa tatu, Foleni ya Maji, ulirekodiwa siku ya mapazia, na mashine ya kurekodia ya watu ilitakiwa irudishwe jioni hiyohiyo. Katikati ya wimbo sindano ya cherehani ilivunjika. Mdundo ukakatika. Kifungo akaendelea kurapu peke yake, macho kwa mama, hajui aache au asiache, kisha akaacha. Mama akatoa pini mdomoni, akasema, "Sindano imevunjika. Nyie endeleeni." Wakaendelea. Cherehani ikarudi kwenda baada ya muda, wakamaliza, na hakukuwa na nafasi ya kurudia. Wachambuzi waliwahi kuandika kurasa nzima kuhusu ule ukimya na yule mwanamke wa siri. Mama aliposomewa, aliuliza kama hao watu wana kazi.

Hakupenda, lakini. Alipousikia wimbo kwa mara ya kwanza kwenye duka la jirani alirudi amenuna. "Mmenirekodi kama mtu aliyejaza ugali mdomoni. Ningejua, ningesema vizuri." Kifungo alicheka hadi akakaa chini. Hakujua kuwa siku moja maneno yale ya sindano yatakuwa ndiyo sauti yote ya mama iliyobaki duniani.

Albamu ilitoka Agosti 1999, kwa kaseti tu. Haki zote zilibaki kwa kampuni, kwani vijana wale wawili walitia saini huku wakiangalia nani atapigwa picha kwanza. Ilitamba miaka miwili. Redio ziliupiga wimbo wa tatu ukiwa umekatwa sehemu ya ukimya, zikidhani ni kaseti mbovu, na walioupandisha mtandaoni miaka ya baadaye waliuchukua huko redioni. Albamu ya pili haikununuliwa. Mwaka 2003 marehemu aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akawa fundi wa mashine kwa miaka kumi na tisa. Alisema mashine ya kuchapa ina kola na mapazia yake. Akisikia imebadili mwendo, aliizima kabla karatasi hazijakwama. Kijitabu mlichoshika mkononi kimechapwa na wenzake, kwenye mashine hiyohiyo.

Mke wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walikutana kwa sababu alimnyang'anya mwanafunzi wa darasa la sita kaseti ya Chumba cha Nyuma, akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada, "Imechukuliwa," kisha akaenda nayo nyumbani, akaisikiliza wiki nzima. Alipokutana na Kifungo kwenye mahafali ya shule alimweleza, akidhani atafurahi. Kifungo alimwuliza, "Na mtoto mwenyewe anasikiliza nini?" Mwalimu alirudisha kaseti Jumatatu. Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 2004, na Mungu akawajalia binti na mvulana.

Mama alifariki tarehe 17 Septemba 2011. Hakuwahi kukubali kurekodiwa tena, wala kwenye simu. Ukimwelekezea simu alikuwa anageuka kama unayemmulika tochi. Kaseti ya marehemu mwenyewe iliazimwa na mtu msibani, na kila mwenye kaseti anajua maana ya kuazimwa. Ya Gundi iliingiwa na maji mwaka wa mafuriko. Kifungo hakuhangaika sana, kwa kuwa aliamini mkanda mama, ule wa asili, uko salama kwenye kabati la kampuni.

Mwaka 2022 sauti yake ilianza kukwaruza. Tuliita mafua, tukaita vumbi la karatasi, hadi madaktari walipoita saratani ya koo. Novemba mwaka huo aliondolewa kisanduku cha sauti. Mtu aliyeongea kuliko mwalimu akarudi nyumbani hana neno. Mwanzoni aliandika kwenye kibao, baadaye mkono nao ukachoka, akabaki na kugonga: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Familia haitaficha kwamba kipindi hiki kilikuwa kizito. Alilia mara nyingi, na kulia bila sauti ni jambo baya kulitazama.

Kilichompa nguvu ni habari kwamba kampuni inaitoa albamu upya, nzima, bila kukatwa, kwa ajili ya maadhimisho haya. Aligonga mara moja kwa kila swali aliloulizwa. Tulijua anachongoja. Alitaka kumsikia mama.

Ijumaa, tarehe 19 Julai, fundi sauti wa kampuni alikuja wodini na kompyuta na hedifoni. Ni kijana mwenye adabu, aliyekua akiipenda albamu hii kupitia kaka zake. Alimvalisha marehemu hedifoni kwa mikono miwili.

"Mzee, nimekusafishia," alisema. "Ile kelele ya chinichini nimeitoa yote, nikaweka ngoma nzuri. Mwezi mzima sikulala. Sasa unasikika wewe mwenyewe."

Marehemu alisikiliza wimbo wa kwanza amekunja uso. Wa pili vilevile. Ulipoanza wa tatu aliinua kidole, tunyamaze. Akangoja. Wimbo ukapita, ukaisha. Akaonyesha kwa kidole urudishwe, ukarudishwa, ukapita tena. Ndipo akaanza kugonga chuma cha kitanda, mara mbili, mara mbili, mara mbili, bila kuacha. Yule kijana akatabasamu, akaanza kutikisa kichwa akimfuata.

"Mnaona? Mzee bado ana biti yake."

Dada yake akamshika marehemu mkono. "Siyo biti, mwanangu. Anakwambia hapana."

"Hapana nini, mama?"

"Hapo ulipotoa kelele kulikuwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Mama yetu."

Kijana alikaa kitandani bila kuombwa. Alieleza kwamba mkanda wa asili ulikuwa umeoza, ulipita mashineni mara moja ukabanduka unga wote, na alichokitoa alikifuta, akidhani ni uchafu. Familia haimlaumu. Alifanya kazi yake kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyompoteza. Yuko hapa leo, na viti mlivyokalia amevipanga yeye tangu asubuhi.

Siku zilizofuata tulitafuta kaseti kila mahali. Tuligonga milango ya watu ambao hatukuwa tumewasalimu tangu mama afe. Wengine walikuwa na majalada matupu, wengine walikuwa wamerekodi juu ya albamu mahubiri na taarabu za shangazi zao. Marehemu alikuwa anapungua, na kila dada yake alipoingia wodini, macho yake yalikwenda kwanza mikononi mwa dada kuona amebeba nini. Kisha akayafumba.

Jumapili, tarehe 28 Julai, mke wa marehemu alikumbuka yule mwanafunzi. Sasa ni kinyozi, mtu mzima mwenye kitambi na kibanda chake karibu na stendi. Kaseti alikuwa ameitundika kando ya kioo, na maandishi mekundu yalikuwa bado yanasomeka. Dada alipomweleza, kinyozi alizima mashine kichwani mwa mteja, akaitungua kaseti.

"Chukua, mama. Mwalimu alinirudishia mimi, leo zamu yangu."

Dada alipiga simu wodini papo hapo. Mke wa marehemu aliinama sikioni mwa mumewe, akamwambia, "Dada ameipata. Anakuja na mama." Marehemu aligonga mara moja.

Lakini kaseti bila redio ni plastiki, na siku hizi nani ana redio ya kaseti? Dada alizunguka hadi kwa fundi redio, naye akabadilisha mpira uliokatika akisema dakika tano, dakika tano tu. Alipofika mlangoni mwa wodi na redio kifuani, shuka lilikuwa limeshafunika uso. Ndugu yetu alifariki saa tisa na nusu alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake. Hakugonga tena baada ya ile moja.

Dada yake anataka iandikwe kwamba alichelewa. Watu wamemwambia asiseme hivyo, kwamba alijua, kwamba aligonga ndiyo. Ni kweli aligonga. Lakini hakumsikia mama, na alimngoja.

Marehemu ameacha mjane wake ambaye ni mwalimu, binti yake ambaye ni mwanafunzi wa uuguzi, mvulana wake aliyeanza kukanyaga cherehani ya bibi yake mwaka huu bila kuambiwa na mtu, dada yake mmoja, wapwa watatu, wenzake wa kiwandani, na Gundi, ambaye si wa damu yetu lakini hakuna aliyewahi kufanikiwa kumbandua.

Kampuni imeleta gari la spika kubwa. Tunashukuru, na tunaomba lizimwe. Jeneza likishashuka hatutaimba. Gundi, aliyebonyeza kitufe cha kurekodi siku ile, ndiye atakayebonyeza cha kusikiliza leo, kwenye redio ndogo iliyowekwa hapo juu ya kaburi la mama, lililo jirani. Kaseti imevutika, kwa hiyo msishangae Kifungo akisikika mzito kuliko mnavyomkumbuka. Katikati mashine itanyamaza. Haijaharibika. Nanyi mnyamaze, msipige makofi, mtasikia mtu anatoa pini mdomoni. Atasema sindano imevunjika. Atawaambia muendelee.

Hapo ndipo wenye makoleo waanze.

Lala salama, Kifungo, karibu na mama.