Kasimiri Polikarpo Nandonde wa Bendi ya Tanuru, na Albamu ya "Nijibu"

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, hapa hapa Mbagala, kwenye ua huu ambao leo umefunikwa turubai, ndugu yetu Kasimiri alikuwa ameketi kwenye kigoda akibadilisha nyuzi za gitaa, akimsubiri rafiki yake aje kumchukua waende Kinondoni kumalizia wimbo wa mwisho wa albamu yao, mara gitaa likamponyoka, mdomo ukaenda upande, akawa anamwita mkewe kwa maneno yasiyoeleweka. Familia inaanza na saa hiyo, kabla hata ya kutaja kuzaliwa kwake, kwa sababu jana kamati ya mazishi ilituomba tuiruke, pamoja na habari zote za muziki, tuseme tu kwamba marehemu alikuwa mchonga vinyago aliyeugua kwa muda mrefu. Hatutairuka. Anayewasomea ni Bernadeta, mdogo wake wa tumbo moja, na anaomba mumvumilie, maana atasoma polepole na atasoma yote.

Marehemu Kasimiri alizaliwa tarehe 4 Machi 1959 katika kijiji cha Namkungwi, wilayani Masasi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Polikarpo Nandonde, aliyekuwa katekista, na marehemu mama Otilia. Alibatizwa akiwa na umri wa wiki mbili, akapata komunyo ya kwanza mwaka 1968, na mwaka uliofuata akaanza kupiga kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu, ambacho alikikanyaga kwa nguvu mpaka baba akawa anamkemea mbele za watu, "Kasi, hapa ni misa, siyo mashine ya kusaga!" Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akamaliza darasa la saba, na kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache alibaki nyumbani akijifunza kuchonga kwa mjomba wake, kazi iliyomlisha mpaka mwisho.

Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo kama mwendesha mtambo wa kufuma, na huko, alivyokuwa akisimulia mwenyewe, ndiko masikio yake yalikofunguka, kwa sababu mitambo ile ilipopiga yote kwa pamoja alisikia muziki, wakati wenzake walisikia kelele tu. Mwaka 1981 alikutana na Abuzar Gulamali, kijana wa Kinondoni, mtoto wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mjomba wake alikuwa akimletea kaseti za roki nzito kutoka ng'ambo, ile wanayoiita hevi metali, na walipozisikiliza pamoja nyuma ya duka Kasimiri alisimama, akashika kichwa, akasema, "Abu, kumbe kuna watu wengine wamefanya kazi kiwandani!"

Wakati ule gitaa la umeme lilikuwa halipatikani kwa mtu wa hali yake, basi akachonga la kwake kwa mti wa mninga, Abuzar akafunga nyaya, na mwaka 1985, pamoja na Benjamin Gozbert, fundi redio kutoka Bukoba aliyepiga besi, wakaanzisha bendi ya Tanuru. Walipiga kwenye kumbi za Temeke na Kinondoni kwa watu waliokuja kucheza rumba, na mara nyingi walizomewa, "Zima jenereta hilo!", Abuzar akawajibu kutoka kwenye dramu, "Likizimwa mtalala gizani!", wakaendelea. Bendi ilisimama mwaka 1992, kila mmoja akashika maisha yake, na marehemu, ambaye kiwanda kilikuwa kimemwachisha kazi, alikuwa tayari na kibanda chake cha vinyago pale Mwenge, alikochonga kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tarehe 24 Septemba 1988 alifunga ndoa takatifu na Jenipher, mjane aliyeketi hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jonas aliyezaliwa mwaka 1990, na Skolastika aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye tuko naye. Jonas alikuwa fundi wa kusuka nondo. Tarehe 7 Agosti 2019 alikuwa kazini kwenye jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa upande wa Kinondoni, wakaamriwa waondoe nguzo za chini kabla zege halijakomaa, zege likashuka, likamfunika yeye na mwenzake. Hakuna aliyeshtakiwa. Mwenye jengo alileta mchele na sukari msibani, akapiga picha na wafiwa, akaondoka, na leo ghorofa lile lina wapangaji.

Ndugu waombolezaji, hapo ndipo ilipotoka albamu hii ambayo baadhi yenu mnaiita ya shetani. Kasimiri hakuacha kusali hata siku moja, aliendelea kwenda misa ya kwanza kila Jumapili, ila alikuwa akirudi nyumbani amenyamaza, na siku moja akamwambia mkewe, "Mama Jonas, mie nimechoka kumwambia Mungu asante. Nataka nimuulize." Akampigia simu Abuzar, Abuzar akamtafuta Benjamin, na mwaka 2022 wazee watatu wenye mvi wakajifungia kwenye stoo ya duka la Kinondoni, wakabandika magodoro ukutani ili majirani wasigombe, wakaanza kurekodi. Albamu wakaiita "Nijibu". Wimbo wa kwanza unaitwa "Zege Bichi", na ule wa mwisho umebeba jina la albamu yenyewe, hauna maneno mengi, ni baba anayemlilia Mungu kwa sauti yake yote amwambie mwanawe alikosa nini. Sauti ile ni ya kukwaruza, ni kweli, inatoka chini kabisa tumboni. Mnataka baba aliyefukua zege kwa mikono aimbe kwa sauti gani?

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi. Kasimiri alipoanguka, Jenipher alitoka mbio akaita bajaji, na bajaji ilifika mpaka hapo mlangoni. Lakini jirani alikuwa ameshamwita mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa, Bwana Revelian, naye akaja na wanamaombi wake, akautazama ule mdomo uliokwenda upande, akalitazama gitaa lililolala chini, akatangaza, "Muziki wake umemgeuka, haya ni mapepo." Akamwambia dereva wa bajaji aende zake. Wakamzunguka mgonjwa, wakaimba, wakapiga makofi, wakamwamuru pepo ataje jina lake, na kila Kasimiri alipojaribu kusema, na maneno yakatoka yamevunjika, wao wakapaza sauti zaidi wakisema pepo anajibu. Jenipher alilia apishwe, akina mama wawili wakamshika mikono, "Tulia, Mama Jonas, usikatize maombi." Walifanya hivyo tangu alasiri mpaka jua likazama.

Abuzar, alipoona simu haipokelewi, alikuja mwenyewe na pikapu ya duka kutoka Kinondoni, akaingia uani akakuta duara la watu na rafiki yake katikati, amelala kwenye mkojo. Bwana Revelian akamwambia, "Usimguse, mzee, kazi ya Mungu inaendelea hapa." Abuzar akajibu, "Kazi ya Mungu ipandeni nayo nyuma ya gari, huyu anakwenda hospitali, pisheni!" Hakuna aliyepanda. Alimbeba yeye na Jenipher. Daktari wa zamu alimpima, akasema ni kiharusi, akauliza kilianza saa ngapi, na alipojibiwa aliweka kalamu chini, akasema kuna dawa ambayo angeweza kumpa kama wangefika mapema, na kwamba sasa muda wake umepita. Ndugu zangu, hilo ndilo mliloomba turuke.

Tangu siku hiyo upande wake wa kulia ulikufa na maneno yakampotea, akili yake ikiwa nzima, akawa anatujua sote na kutuelewa sote, ila hakuweza kutamka hata jina la mkewe. Mungu akamleta Daktari Samina Husain, wa mazoezi ya kuongea, ambaye aliuliza mzee alikuwa akipenda nini, akaambiwa kuimba, akamwanzishia pambio la kanisani alilofundishwa na Skolastika pale pale, na Kasimiri, aliyekuwa ameshindwa kusema "maji", akaudaka wimbo na kuuimba mpaka mwisho, maneno yote yakiwa mahali pake. Daktari alieleza kwamba wimbo hukaa upande mwingine wa ubongo, upande ambao kiharusi hakikuufikia. Kuanzia hapo nyumba hii iliishi kwa kuimba, akitaka uji anauimba, akitaka kugeuzwa anaimba, Skolastika akamtania, "Baba, sasa ndiyo umekuwa mwanamuziki kweli."

Gitaa la wimbo wa mwisho lilikuwa limesharekodiwa, kilichobaki ni sauti, na mwezi Oktoba wenzake walimpeleka stoo, wakamkalisha kwenye kiti, Abuzar akamshika bega, Kasimiri akaimba "Nijibu" mara moja tu, na Benjamin, aliyekuwa amevaa vile visikilizio vya masikioni, akavivua akatoka nje. Albamu ilitoka tarehe 29 Novemba 2025 katika ukumbi mdogo wa Kinondoni, wakaja watu wazima waliowakumbuka, wakaja na vijana wa singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, ambao mwanzoni walipiga kelele, "Wazee, hii ni singeli ya mafundi welda au?", na wimbo wa mwisho ulipomalizika vijana wale wale walikuwa wamesimama, kofia mkononi.

Wimbo ukaingia kwenye simu za watu mpaka Mbagala. Mwezi Desemba, jumuiya iliposali hapa nyumbani kwa zamu, Bwana Revelian alimtaka marehemu aikane albamu mbele ya wanajumuiya, la sivyo hatapata huduma ya sakramenti, na akifa jumuiya haitamzika. Nyote mnajua neno hilo lina uzito gani mtaani kwetu, kwamba mtu ambaye jumuiya imemgomea hana wa kumchimbia wala wa kumwimbia. Akamuuliza, "Unaikana?" Kasimiri akatikisa kichwa kukataa. Jenipher akasema, "Mwenyekiti, mwache aimbe, atakujibu," naye akajibu, "Hatukuja kusikiliza muziki hapa." Kisha akaenda parokiani akamwambia padre kwamba mgonjwa yule amekataa sakramenti. Mtu aliyebatizwa akiwa na wiki mbili, aliyetamani komunyo kila Jumapili, akakaa Krismasi nzima akitazama mlango, na mlango haukufunguliwa na mtu yeyote mwenye ekaristi.

Tarehe 19 Januari 2026 kiharusi kilirudi. Safari hii hatukupitia kwa mwenyekiti, Bernadeta alikwenda mwenyewe nyumba ya mapadre, akakaa kizingitini mpaka akasikilizwa, na padre, ambaye yuko hapa na anajua kama tunasema kweli, alikuja siku ile ile. Akamuuliza Kasimiri kama anaamini. Kasimiri akaimba Sala ya Bwana, yote, kwa ile sauti ya kukwaruza mnayoiogopa, akafika penye kuwasamehe waliotukosea, akakwama, akapumua, akarudia, akapita. Akapakwa mafuta, akapokea komunyo. Padre alipotoka uani aliuliza, "Ni nani aliyeniambia mtu huyu amekataa?" Watu walikuwepo. Kila mmoja akatazama ndala zake.

Alifariki Jumatatu ya tarehe 9 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini, mkono wake wa kushoto ukiwa kwenye mkono wa Jenipher. Ameacha mjane, binti mmoja na mdogo wake mmoja.

Jumuiya imetimiza neno lake, haikuchimba na wala haitabeba. Kaburi limechimbwa na wachongaji wa Mwenge, jeneza wamelitengeneza wao, na watakaolibeba ni Abuzar, Benjamin, na wale vijana wa singeli walioketi kule nyuma, ambao tunawaomba wasogee mbele, hapa ndipo mahali penu. Bwana Revelian, tunakuona umeketi pale kwenye kona, umekuja, na hatutakufukuza, kwa sababu msiba haufukuzi mtu. Lakini hutashika jeneza.

Familia inamshukuru Daktari Samina na wauguzi wote waliomhudumia kwa upole, inamshukuru padre aliyekuja alipoitwa, inamshukuru Abuzar Gulamali na familia yake waliopika kwa siku zote tatu za msiba huu, inamshukuru Benjamin, inawashukuru wachongaji wa Mwenge, na inawashukuru majirani ambao, baada ya kuelewa, walikuja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma kumpa Jenipher pole. Safari nyingine piteni mlango wa mbele.

Tusimame, tumwombee. Ee Mungu mwenye huruma, mtumishi wako Kasimiri alikuuliza kwa sauti kubwa kwa sababu aliamini upo na unasikia, na sasa yuko mbele yako, mjibu wewe mwenyewe. Msamehe dhambi zake, mkutanishe na mwanawe Jonas, uwape raha ya milele na mwanga wako uwaangazie. Na sisi tuliobaki, Bwana, tumejaribu kusamehe kama unavyoamuru na tumeshindwa, hatutakudanganya mbele ya maiti, basi tunakuachia hasira hii uishike wewe mpaka tutakapoweza. Kasimiri, kaka yetu, lala kwa amani ya Kristo. Amina.