Kocha Asiyetikisa Finjani

Katika basi dogo la kutoka Sur, Mzee Ishak alikuwa akimweleza mama asiyemjua kwamba anakwenda Ibra kupiga kura ili kocha wa timu yao, Mskochi, afukuzwe. "Enzi zake alikuwa kiungo hasa, bibi. Lakini ukocha! Juzi tunafungwa mabao manne, yeye yumo chooni!"

"Kwani mlimlisha nini?"

"Wallahi kahawa tu. Kila nikimmiminia, anapokea."

Buthaina, abiria wa kiti cha nyuma, mpira haujui lakini kahawa anaijua. Akauma mtandio asicheke.

"Nani alimwambia kuwa aliyetosheka hutikisa finjani?" akadakia.

"Mtu mzima yule! Hajui kusema basi?"

"Kiungo atakataaje pasi, baba? Mfukuzeni aliyemimina!"

Basi likasimama Ibra. Wote wakashuka, Mzee Ishak akabaki akitafuta kiatu kilicho mguuni mwake.