Egbert Kahigi na Tumbo la Dubwana

Baba Mchungaji, ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja hapa Igurwa, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Xaveria, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo wajomba walishauri niyaruke.

Marehemu Egbert Kahigi alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapahapa Igurwa, mtoto wa tatu wa Mzee Lameck na Mama Agnetha, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari, na alikuwa mtu wa kuuliza, mama alisema mtoto huyu ukimpa ndizi atataka kwanza kujua mgomba umeipataje. Alihitimu mafunzo ya mifugo mwaka 1989, akaajiriwa tarehe 1 Julai 1990, na kuanzia 1998 alikuwa Murongo, akikagua ng'ombe na mbuzi wanaovuka mpaka. Tarehe 20 Agosti 1994 alifunga ndoa na Adventina, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni Prudensia.

Mwezi Septemba 2006 dereva wa lori aitwaye Fidele alikwama Murongo siku tisa akisubiri karatasi zake, akamfundisha marehemu mchezo wa mezani, ambamo kila mtu hujifanya shujaa, mmoja huwa msimulizi anayeongoza mchezo, na dadu huamua nani amefanikiwa. Fidele alikuwa na kitabu kinene cha kanuni zake, akamruhusu kwenda mjini Omurushaka kutoa kopi za kurasa za dubwana moja, refu kuliko mnara wa simu. Tangu hapo kila Jumapili saa tisa alasiri, alipokuwa nyumbani, meza iliwekwa uani, yeye akiwa msimulizi. Wapo waliosema ni kamari, Baba Mchungaji akaja kuchunguza, akaketi, akapewa shujaa mwenye upinde, na jioni aliondoka akiuliza tutaendelea lini.

Uwezo wa dubwana hilo marehemu aliuchunguza kama alivyochunguza ng'ombe mgonjwa. Imeandikwa kwamba anayeliona lazima arushe dadu asije akashindwa na hofu, je, kipofu naye arushe? Aliwaza wiki nzima, akaamua arushe ardhi inapotetemeka, kwa kuwa hofu huingia hata kwa miguu. Imeandikwa kwamba mkia wake huwapiga wote walio nyuma, je, likisimama katika Mto Kagera, maji hayapunguzi nguvu? Akaenda kuwauliza askari wa wanyamapori jinsi kiboko anavyogeuka majini, nao mpaka leo wanamkumbuka.

Tarehe 8 Machi 2015 dubwana lilimmeza shujaa wa Leonidas, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Kopi ilisema humeza mtu mzimamzima, hapo ukurasa ukaisha, marehemu akaamua kwamba amekufa. Leonidas akasema hata chatu hutapika mbuzi, na kaka yangu, badala ya kuuliza kama desturi yake, akamjibu mbele ya watu kwamba mtaalamu wa wanyama hapa ni mmoja tu. Leonidas akainuka, akaondoka, na kwa miaka kumi walisalimiana misibani tu.

Mwezi Agosti 2024 Prudensia alipata kitabu kizima kwenye simu, ikaonekana kwamba mashine ya kopi ilikata mistari miwili ya chini: aliyemezwa yu hai, yumo gizani, zamu yake inabaki, na akiliumiza tumbo vya kutosha, dubwana humtapika. Marehemu aliisoma mara tatu, akaenda shambani, hakurudi kula. Kaka yangu alikuwa na kiburi, nasema hili mbele ya jeneza lake nikiwa nampenda, nyumba ya Leonidas ni mwendo wa dakika kumi, na hakwenda.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa tarehe 22 Aprili. Mnajua kwetu asiyekuwepo wakati wa kula sehemu yake hufungwa kwenye jani la mgomba, na hakuna anayeigusa. Jumamosi ya tarehe 3 Mei alizifunga dadu kwenye jani, akamtuma Adventina kwa Leonidas, akasema, "Mwambie hakufa. Mimi ndiye nilisoma nusu ukurasa."

Leonidas alifika wodini kesho yake, akarusha kwenye sinia ya dawa, alihitaji kumi na tano ili shujaa wake atapikwe, akapata tisa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza huyo mtu tumboni anapumuaje, wakajadiliana wote watatu mpaka chakula cha mchana, na marehemu akakubali kwamba hilo hajui. Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, kaka yetu alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba maji na ndizi, na wafanyakazi wenzake wa mifugo. Leonidas, nawe tunakushukuru, dadu zimerudishwa kwenye jani na jani lipo ndani ya nyumba, Jumapili saa tisa Prudensia atasimulia, utarusha wewe kwanza.

Kaka, pumzika kwa amani, zamu ya rafiki yako haijaguswa.